Mafundi wa darini waliokuja Januari: nyota nne, ya tano nimeishika

Nawapa nyota nne mafundi walioziba na kujaza dari yangu isipitishe baridi. Ya tano nimeishika mkononi, sababu yake nitaisema mbele ya safari. Kwanza niwaeleze nyumba, maana bila nyumba kazi yenyewe haieleweki.

Nyumba yangu ni ya 1951, iko kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ya aina ile waliyoijenga mtaa kwa mtaa baada ya Vita Kuu ya Pili: chini nyumba kamili, juu nusu nyumba. Hiyo nusu ni chumba kilichochongwa ndani ya paa. Ukisimama katikati uko sawa, ukisogea pembeni paa linakuinamisha. Kuta za pembeni ni fupi, zinanifika kiunoni, na nyuma yake kuna uwazi wa giza ninakoweka masanduku ya safari. Ni nyumba za bei nafuu, ndiyo maana wageni wengi tunaanzia humo. Wakati nanunua hakuna aliyeniambia kwamba paa ndilo ugonjwa wake.

Mimi nimekulia Tanga, Chumbageni, nyumba yenye matundu ya hewa juu ya kila dirisha, mlango wa barazani unatazamana na wa uani makusudi upepo upite. Minnesota upepo ukipita ndani ya nyumba unapita na mshahara wako. Imenichukua miaka tisa kulielewa hilo, na walionielewesha ni hawa mafundi. Sasa ni Oktoba, asubuhi majani yana ukungu mweupe, watu wameanza kuniuliza namba yao ya simu. Ndiyo nimekaa niandike mara moja, nisirudie kwa kila mtu.

Kisa kinaanzia msimu wa baridi wa 2022/23. Mwaka ule hapa zilianguka inchi 90 za theluji, zaidi ya mita mbili na robo, msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu waanze kuweka kumbukumbu. Mwezi wa kwanza barafu zikaanza kuning'inia kwenye gata, ndefu kama mikuki, zinameta juani. Nikapiga picha nikaweka status. Watu wa Tanga wakanipa hongera. Watu wa hapa, kana kwamba wameambizana, wakaniuliza: dari yako ina nini?

Februari nikapata jibu. Nimetoka kazini asubuhi (nafanya zamu ya usiku, nahudumia wazee), napanda juu nikalale, nakuta ukuta umetoa doa la rangi ya chai na zulia chini yake limelowa chepechepe. Inavyotokea ni hivi. Joto la hita linapanda, linapenya dari, linafika chini ya mbao za paa. Theluji iliyolala juu inayeyuka kwa chini, wewe huioni. Maji yanateremka mpaka ukingoni mwa paa, pale ambapo chini yake hakuna chumba wala joto, yanaganda. Kesho yanaganda mengine juu yake. Wiki mbili baadaye una ukuta wa barafu ukingoni na bwawa nyuma yake. Vile vigae vya lami vimepangwa kumwaga maji yanayoshuka. Maji yaliyosimama yakaanza kutafuta njia ya kupandia, hayo havina habari nayo. Yanaingia.

Nilimlipa mtu wa mashine ya mvuke dola 450 kwa saa, kwa saa mbili na nusu, aikate ile barafu. Dola 1,125 za kuyeyusha maji. Kaka yangu wa Dar, ambaye ni fundi wa kweli wa majengo na si wa maneno, akaangalia video akatoa hukumu: "Dada, hapo kenchi zimeoza, ezua uezeke upya." Nikaomba makadirio ya paa jipya, nikaambiwa dola 16,000. Nikaweka simu chini taratibu. Msimu uliofuata, 2023/24, ukaja wa joto kuliko yote waliyowahi kupima hapa, theluji ya kuhesabu kwa vidole, nikasahau. Kusahau ni bure.

Novemba 2024 Mama akaja kutoka Tanga, nikampa chumba cha juu kwa sababu kina faragha na bafu lake. Wiki ya pili nikamkuta analala na koti, juu yake mablanketi mawili, na kanga kafunga kichwani. Hakulalamika. Mama yangu halalamiki, anakwambia tu, "Mwanangu, chumba chako kinapumua."

Basi nikaanza kutafuta fundi, tena kwa woga, maana nilikwisha kuumwa na nyoka. Hili nilieleze kidogo, litamsaidia mtu. Novemba 2021 fundi mmoja niliyeelekezwa na watu, simtaji, alinimwagia zege la ngazi za mbele, na usiku wa siku hiyohiyo maji yakaganda ndooni. Nilimwuliza, akasema zege likishashika halina neno. Nikamwamini, kwa sababu kwetu adui wa zege ni jua, unalimwagilia asubuhi na jioni lisipasuke. Huku adui ni usiku wa kwanza. Maji yaliyo ndani ya zege changa yakiganda yanatanuka, yanaachanisha kila kitu kabla saruji haijashikana. Wenye fani yao wanahesabu kwamba chini ya nyuzi 4 za sentigredi uko kwenye kazi ya baridi: maji yapashwe moto, zege lisimwagwe juu ya udongo ulioganda, lifunikwe kwa mablanketi yake maalumu mpaka lipate nguvu. Yeye alifunika na turubai la bluu akaenda zake. Aprili ngazi zikaanza kubanduka uso kama ngozi ya mtu aliyeungua. Na msingi? Kanuni ya jimbo kwa upande wetu wa kusini inataka ushuke inchi 42, zaidi ya mita moja, upite kina ambacho udongo unaganda. Wake haukufika hata futi moja. Kila baridi udongo unazinyanyua ngazi, kila masika zinarudi zimepinda zaidi. Mpaka leo mtu akija kwangu nasimama mlangoni kumwambia angalia mguu.

Kwa hiyo safari hii nilifanya kama mtu mwenye akili. Namba ya leseni nikaihakiki kwenye tovuti ya idara ya kazi na viwanda ya jimbo, nikaomba karatasi ya bima, nikaomba mkataba unaotenganisha vifaa na ufundi. Na advansi nikakataa kutoa zaidi ya robo. Wawili kati ya wanne niliowapigia walianza kuniita "mama mkali" kwa lugha yao. Hawa walisema sawa tu.

Jina la kampuni siandiki hapa kwa sababu bado tuna jambo letu la Alhamisi. Ni watu wanne. Mkuu wao ni Mzungu wa miaka sitini hivi, mkimya, mwenye tabia ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama daktari. Majirani wote walinishauri nisubiri kiangazi, nani anafungua nyumba Januari. Yeye ndiye pekee aliyesema kinyume. Alisema kiangazi hana cha kunionyesha. Nimwite siku ya baridi kali kabisa, nyumba itajisemea yenyewe.

Akaja Januari 20, 2025, siku ile Rais anaapishwa huko Washington na sherehe yao imehamishiwa ndani kwa sababu ya baridi. Kwetu ilikuwa nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, pua inaganda ndani ukivuta pumzi. Na katika siku hiyo, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua mlango wangu wa mbele na kuuziba kwa turubai jekundu lenye feni kubwa katikati.

Hiyo feni ndiyo kipimo. Inavuta hewa ya ndani kuitoa nje mpaka nyumba ipungukiwe hewa kwa paskali 50, kama vile upepo wa kilomita 32 kwa saa unaipiga kutoka pande zote kwa mpigo. Hewa ya nje nayo inataka kuingia, inaingia kwa kila tundu ambalo nyumba inalo. Ndani ya dakika tano nyumba ilikuwa inapiga miluzi. Nilipitisha kiganja kwenye soketi ya umeme sebuleni nikahisi uzi wa baridi kama mtu ananipulizia kwa mrija. Chini ya ubao wa ukutani, pembeni mwa bomba la sinki, kwenye tundu la taa. Kile kifuniko cha dari ya juu kilikuwa kinacheza kama cha sufuria ya wali.

Halafu wakatoa kamera ya joto. Hii ndiyo sababu ya kusubiri Januari: inaona tofauti ya joto, na tofauti ikiwa ndogo haioni kitu. Aliyeishika ni kijana wa Kikongo, wa Bukavu, amekaa hapa miaka sita. Akamsogezea Mama kioo aone ukuta wake wa chumbani, njano na zambarau, akamwambia, "Mama, ona, moto yote iko natokea huku."

Mama aliposikia moto alikwisha kusimama, kanga mkononi, anatafuta msala wake wa kuswalia na pasipoti. "Moto uko wapi?" Ikabidi nimkalishe nimweleze kwamba kwao moto ni joto. Yule kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaomba radhi kwa heshima zote. Mama alishakuwa na dai naye jingine: alivyoingia alisema "Jambo Mama" akatoa mkono, na Mama alikuwa amekaa anasubiri shikamoo. "Kijana mzuri, ila hakufundishwa kuamkia," akanong'ona. Kufika siku ya tatu alikuwa anaamkia shikamoo kuanzia getini, na Mama anaitikia marahaba kabla hajavua viatu.

Hicho kioo kilinionyesha nilichokuwa nakilipia miaka yote. Zile kuta fupi zilikuwa na mapamba ya pinki ya kuzuia baridi nyuma yake, sawa, lakini chini yake, kati ya mbao za sakafu, palikuwa wazi kabisa. Hewa ya baridi inaingia kwenye ukingo wa paa, inapita chini ya sakafu ya Mama kama maji kwenye mfereji, inatokea upande wa pili. Kitanda chake kilikuwa juu ya mto.

Kisha mkuu akaniita nipande ngazi niangalie mwenyewe juu kabisa, kwenye kilele. Sikuwahi kuingiza kichwa humo. Akamulika tochi. Kila msumari uliochomoza kwenye mbao za paa ulikuwa na kofia nyeupe ya barafu. Mamia ya misumari, kila mmoja na kofia yake, imejipanga safu kwa safu. Pakapendeza, Mungu anisamehe. Akaelekeza tochi kwenye bomba la feni ya bafu la juu: lilikuwa limeishia humohumo darini, halikutolewa nje. Kila Mama alipooga kwa maji yake ya moto ya nusu saa, mvuke wote ulikwenda kuganda kwenye misumari. Siku ya joto kidogo unayeyuka, unadondoka, dari inatoa madoa, na wewe unaambiwa paa limeoza. Kaka yangu nilimtumia hiyo picha. Akajibu baada ya saa nzima: "Duh." Ile 16,000 ilifia pale.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Mimi ni mtu wa kulala mchana, kwa hiyo nililala besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na vizibo masikioni, na bado nilisikia. Nje palikuwa na lori lenye mashine, na bomba nene kama mguu limepitishwa dirishani hadi juu. Wanachopuliza ni magazeti ya zamani yaliyosagwa, yaliyochanganywa na chumvi ya boroni ili yasishike moto na wadudu wasiyapende. Mama hakuamini: "Wanakujazia magazeti darini? Sisi tulifungia vitumbua." Kwenye kilele wakajaza sentimita arobaini hivi, kiwango ambacho kanuni za hapa zinakitaka sasa kwa dari, ambacho wao wanakiita R-49. Kwenye ile miteremko wakatoboa matundu wakasindilia mpaka ukigonga unasikia kama umegonga gunia la sukari.

Lakini kujaza ni kazi ya mwisho. Siku nzima ya kwanza hawakujaza chochote, walikuwa wanaziba, na hapa ndipo nilipojua nimepata watu. Vile vipande vya uwazi chini ya kuta fupi walivikatia mbao za povu gumu, kimoja kimoja kwa kipimo chake, kisha wakazungushia povu la kopo. Kijana wa Bukavu alikuwa analala kifudifudi humo ndani, miguu tu ndiyo unaiona. Yale makopo ya povu hayafanyi kazi yakiwa ya baridi, yanatoa uji usiofura, kwa hiyo yalikuwa yamesimamishwa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu pembeni mwa jiko langu kama chupa za mtoto mchanga. Kila dakika ishirini mmoja anashuka, anachukua lenye joto, anarudisha lililopoa. Hakuna aliyewasimamia, mkuu alikuwa ameondoka. Kuzunguka dohani hawakutia povu. Hapo waliweka bati na gundi inayostahimili moto, kwa sababu povu karibu na dohani ni kuomba msiba.

Ule msala wa Mama ulikuwa umetandikwa upande wa dirisha. Nilipopanda mchana kuangalia, nikaukuta umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya kabati, juu ya kila kitu. Sikumwuliza nani. Hilo kwangu ni nusu nyota peke yake.

Siku ya tano walirudi na feni yao. Mwanzo nyumba ilikuwa inavuja futi za ujazo 3,900 za hewa kwa dakika. Safari hii 2,450. Wakaniandikia namba zote mbili kwenye karatasi na kuweka sahihi. Halafu wakafanya jambo ambalo ukipata fundi asiyelifanya mfukuze: waliwasha hita, wakawasha hita ya maji, wakawasha feni zote za bafu na jikoni, wakasimama besmenti na kipimo cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, waone kama moshi wa gesi bado unapanda dohani au unarudi ndani. Nyumba ikizibwa, feni zinavuta hewa kuitoa nje, na hewa ya kujaza nafasi yake ikikosa pa kuingilia inashuka kwa dohani na sumu yake. Yangu ilikuwa salama. Mama alikuwa ameniuliza asubuhi, wakati mlango uko wazi na nyumba imepoa, kwa nini tusiwashe jiko dogo la mkaa tuote. Mkongo alimsikia, akaacha kazi, akakaa chini kabisa akamweleza pole pole. Jamani, hili nawaomba: mkaa ndani ya nyumba hizi ni kifo kisicho na harufu. Kuta hazipumui kama za kwetu. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, ndivyo sheria ya Minnesota inavyotaka.

Wakaniambia pia nipime radoni baada ya kuziba, ile gesi inayotoka ardhini, kwa kuwa hapa nyumba mbili kati ya tano zimezidi kiwango. Kipimo nilikiweka besmenti, kikaja 3.1. Kuanzia 4 ndipo unatakiwa uite mtu.

Madirisha mawili ya juu walibadilisha pia, sina mengi ya kusema. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huhesabiwa ina rangi ya risasi, kwa hiyo walitandaza plastiki na kuvaa barakoa. Moja baada ya jingine, dakika arobaini kila moja. Mazuri. Ila nilitaka wapake rangi fremu za nje wakakataa, wakasema rangi haikauki katika baridi hiyo, nijipakie mwenyewe Mei. Nilipaka Juni.

Malipo: dari na kuta fupi 6,900, madirisha 2,150, feni ya bafu kutolewa nje 480. Serikali ya shirikisho ilikuwa inarudisha asilimia 30 ya gharama hadi dola 1,200 kwenye kodi, lakini kwa kazi ya kuziba na kujaza ilikuwa bei ya vifaa tu, ufundi haukuwemo, ndiyo maana nilisisitiza ankara itenganishwe. Na ilikuwa kwa kazi iliyokamilika kabla ya mwaka 2025 kuisha.

Matokeo msipime kwa dola, bei ya gesi inapanda na kushuka. Angalieni themu kwenye bili, yaani kipimo cha gesi uliyotumia. Februari 2023 nilitumia 178. Februari 2025, baada ya kazi, 121. Baridi za miaka miwili hazilingani, najua, na siwezi kuapa kwamba tofauti yote ni yao. Ninachoweza kuapia ni kwamba Mama alivua koti usiku wa kwanza, wa pili akavua na kanga ya kichwani. Theluji iliyokuja baadaye ilikaa juu ya paa langu nyeupe tupu wakati la jirani limeshaanza kuonyesha mistari. Nilisimama barabarani nikaiangalia muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima.

Sasa nyota ya tano. Kwanza vumbi. Waliahidi kutandaza plastiki ngazini na wakatandaza, lakini ile ya mlango wa chumba waliiondoa mapema, siku mashine bado inapuliza. Vumbi la kijivu la magazeti liliingia kwenye sanduku la Mama lililokuwa wazi, kwenye doti zake mbili mpya alizokuwa anampelekea dada yake. Tulifua mara tatu. Pili, ankara ya mwisho ilikuja na dola 340 za kuziba jipsamu pale walipotoboa, jambo ambalo mimi nilielewa limo ndani ya bei. Mkuu alinionyesha mstari kwenye mkataba, na kweli mstari ulikuwepo, kwa herufi za kutafutia miwani. Nikalipa, jumla ikawa 9,870. Hakunidanganya. Ila nilipokuwa natia sahihi angeweza kuweka kidole chake pale akasema, "na hii."

Na tatu ni kifuniko. Kile cha kupandia kileleni walikitengeneza upya, kizito, kimebandikwa povu nene na mpira wa kuziba kuzunguka. Machi kikaanza kunyanyuka kona moja, wakaja wakakiranda bila malipo. Kiangazi kikatulia. Juzi baridi ya kwanza ilipoingia kikanyanyuka tena, kona ileile, unaweza kupitisha kadi ya benki. Nimepiga simu Jumatatu, wakasema Alhamisi.

Mama alirudi Tanga mwezi wa tano. Jana usiku kanitumia sauti, nyuma yake nasikia feni ya dari na muadhini wa Isha, anauliza wajukuu, anauliza kazi, halafu: "Na yule kijana wangu wa shikamoo, ameshakuja kufunga kile kifuniko?"

Bado, Mama. Alhamisi.